Ngazi Ndani ya Ukuta

Salvator, fundi wetu wa kujenga kutoka Ngozi, Burundi, haingii nyumba kabla ya kuhesabu milango. Kanisani tulimtania: "Na mbinguni utauliza kama iko mlango ya nyuma?" Hakucheka. Mwaka 1993 nyumba ya baba yake ilikuwa na mlango mmoja, na wauaji walisimama hapo hapo.

Ndiyo maana aliipenda ile nyumba ya Westville, hapa Durban, aliyopewa kukarabati. Tajiri mmoja wa miwa aliijenga zamani kwa kuiga majumba ya mabwana wa mashambani Uingereza: dohani kumi na mbili za moshi katika mji usiojua baridi, kuta nene, na ndani ya ukuta mmoja ngazi nyembamba kutoka jikoni hadi vyumba vya juu, ili watumishi wapite bila kuonwa na wageni. Makubwa hayo! Mwenye nyumba, mjane mzee, aliogopa wezi, akaamuru ngazi izibwe juu na chini. Juu Salvator alijenga kwa saruji, mjane amesimama akimtazama. Chini, alipoachwa peke yake, alijenga matofali kwa udongo kama kwao, yapate kutoka upesi, akapaka lipu nyembamba. Aliniambia mimi tu; nikamwita kichaa.

Aprili 2015 wageni kama sisi, tuliotoka nchi nyingine za Afrika, wakaanza kushambuliwa Durban. Asubuhi moja watu wenye mapanga walipita mtaani kwetu wakigonga nyumba kwa nyumba. Salvator aliwatorosha mkewe Gloriose na binti yao Lyse hadi jikoni kwa yule mjane, akachokoa udongo kwa bisibisi na kuyatoa matofali.

"Ingia, mama Lyse. Mtoto asikohoe."

"Na huko juu tunatokea wapi?"

Hapo Salvator akakumbuka. Juu ni saruji. Yeye, mhesabu milango, alikuwa amewaingiza watu wake katika nyumba ya mlango mmoja.

Na mjane alikwisha kufika jikoni, bastola mkononi, ameielekeza kwenye tundu. Mle gizani kitu kilisogea. Salvator alijitupa mbele, mikono juu, akalia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Madamu, usipige! Ni mke wangu na mtoto. Hawana mlango mwingine!"

Lyse akakohoa. Bastola ikashuka. Mjane alikaa kitini, naye Salvator hakuthubutu kuishusha mikono yake.

"Chukua nyundo," mjane alisema mwishowe. "Nenda kavunje na ukuta ule wa juu."