Nta ya Kagerankanda Yapanda Meli

Kilichotutoa nyumbani ni nta. Miaka ile ya tisini, kwetu Kagerankanda tulikamua asali, na masega tukayatupa nyuma ya nyumba. Kisha mwenye duka mmoja wa Kasulu, mzaliwa wa Tanga, akatuambia kwamba mdogo wake, Bwana Salum, anasafirisha nta ng'ambo kutoka Dar es Salaam.

"Mpelekeeni aione," alisema. "Akiipenda atataka zaidi. Akiikataa, msinilaumu."

Kikundi chetu cha wafuga nyuki kikatutuma watu wawili: mimi katibu, na Mama Yohana, mwenyekiti. Ndiye aliyewashawishi wanawake wenzake kuyeyusha masega msimu mzima, huku wanaume wakiwacheka kwamba wanapika takataka. Nta ikikataliwa, angerudi kwao na uso gani?

Kasulu tulipanda lori la maharage. Mabonge ya nta tuliyaviringisha kwenye vitenge yasipasuke, na lile kubwa Mama Yohana akalipakata.

"Mama, liweke chini, halilii hilo," utingo akamtania.

"Likivunjika utanizalia jingine?"

Lori zima likacheka, naye hakuliachia hadi Kigoma.

Stesheni ya Kigoma, tukisubiri treni, tulifungua vitenge tukakuta mabonge yameota vumbi jeupe.

"Yoo! Ukungu!" Mama Yohana akashika kichwa. "Katibu, imeoza!"

Tukaanza kuyafuta kwa ncha za kitenge. Nikamwambia turudi tu, tusiende kuaibika mbali. Akanitazama. "Rudi wewe. Mimi wanawake wenzangu wananisubiri na jibu."

Treni ilipopiga honi tulikuwa tumefuta karibu yote, isipokuwa lile bonge kubwa.

Dar es Salaam joto lilitupokea kwa nguvu. Ghala la Bwana Salum liko karibu na bandari. Alitukaribisha kwa chai, akatuuliza habari za kaka yake, kisha akachukua nyundo na kulipiga bonge kubwa. Likapasuka vipande vitatu.

"Baba we!" Mama Yohana akaruka. "Nimelipakata tangu Kasulu!"

"Samahani dada yangu, lazima nione tumboni. Wengine huficha mawe humo." Akainua kipande kwenye mwanga: njano safi mpaka katikati. Akapitisha kidole kwenye lile vumbi. "Na haya mengine, nani kayafuta?"

Tukatazamana. Nikasema ni sisi, tulidhani ni ukungu.

Bwana Salum alicheka hadi akakaa chini. "Huu si ukungu! Nta safi ikikaa mahali pa baridi hutoa unga huu. Iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe haitoi. Msifute tena! Nachukua yote, na msimu ujao nataka magunia kwa magunia."

Mama Yohana alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika, nami sikujua kama analia au anacheka.

Tulikaa siku chache zaidi ili tujifunze, nami nawaeleza wasomaji kama tulivyoelezwa. Usianze kwa kutafuta meli. Anza na mtu ambaye tayari ana leseni, mzigo wako upite chini ya jina lake hadi uijue njia. Mpelekee sampuli inayofanana kabisa na mzigo utakaofuata. Mkaguzi wa serikali huipima, na bila cheti chake mzigo hauondoki. Kuhusu nta yenyewe, iyeyushe kwa maji ya mvua na moto mdogo, katika sufuria ya alumini, maana sufuria ya chuma huitia weusi. Ichuje kwa kitambaa, iache ipoe polepole, kisha kwangua uchafu wa chini. Si kazi ngumu. Inataka subira tu.

Siku ya mwisho kijana wa ghalani alichora kwa rangi nyeusi juu ya gunia la nta yetu: KAGERANKANDA, TANZANIA. Mama Yohana akalisoma kwa sauti, herufi moja moja, kabla halijapelekwa kupakiwa melini.

Kagerankanda tulifika asubuhi, watu wamejaa uwanja wa kanisa. "Mwakeye!" wakatusalimu kwa Kiha, halafu wakamgeukia mwenyekiti wao.

"Imepanda meli," alisema. Vigelegele vikalipuka. Wale wanaume waliocheka wakawa wa kwanza kuuliza kama na wao wanaweza kuleta nta.

"Leteni," akasema Mama Yohana. "Ila kabla ya kupokea, nitavunja kila bonge kwa mkono wangu."