Kompyuta Iligeuza Tarehe, Wifi Yangu Anaitwa Mzembe

Admin, nifiche kabisa, kwa sababu watu wa kwetu wanasoma ukurasa wako kuliko wanavyosoma Biblia. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Sarang'ombe hapa Kibera. Kazi yangu ni kuingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta katika kliniki moja ndogo kule Kawangware. Wakwe zangu hupenda kunitania eti nalipwa kwa kubonyeza. Siku hizi utani huo siuwezi.

Dada ya mume wangu, nitamwita Mama Brayo, alianza kukohoa mwaka jana. Alipoambiwa ni TB alikataa kutibiwa Kibera, kwa sababu huku ukionekana tu kwenye benchi ya watu wa kifua, kabla hujafika nyumbani ploti nzima imejua. Akaja kwenye kliniki yetu Kawangware. Aliponikuta mapokezi siku ya kwanza alinivuta kando, akaniambia, "Mama Ken, hapa unanijua. Tukifika home hujui kitu. Usiniulize hata kama nimemeza." Nikakubali, na jamani, siri ile niliitunza. Hata mume wangu hakuisikia kwangu.

Sasa, kliniki yetu ina utaratibu wake. Mgonjwa wa TB akikosa siku yake ya kuchukua dawa, mhudumu wa afya anamfuata mpaka mlangoni. Tunawaambia hivyo mapema: usipokuja, sisi tutakuja. Kuna wakati Mama Brayo alichelewa kwa sababu ya vibarua vya kufua nguo mtaa wa Ayany, na mhudumu akamfuata kweli, akajifanya ametoka kanisani kumsalimia. Mama Brayo alicheka sana siku ile. Tangu hapo aliamini kwamba sisi hatusahau mtu.

Halafu tukaletewa programu mpya. Fundi akahamisha rekodi zote za zamani, akatuonyesha pa kubonyeza, akaenda zake. Mimi nikahamishiwa chumba cha nyuma na ile kompyuta, wagonjwa nikawa siwaoni tena. Sisi kwenye faili huandika siku kwanza, mwezi baadaye. Programu ile ilisoma mwezi kwanza. Mama Brayo alitakiwa kurudi tarehe kumi mwezi wa pili, kompyuta ikaelewa tarehe mbili mwezi wa kumi. Kila asubuhi nilikuwa napanga majina ili waliopitisha siku yao waje juu, nampa mhudumu yale ya juu aende kuwatafuta. Wifi yangu alikuwa amelala huko chini kabisa, pamoja na watu ambao siku zao bado ziko mbali.

Nilishuku kitu. Nilimwambia daktari, mwenye kliniki, kwamba majina ya waliokosa yamepungua ghafla. Akacheka. "Si ni poa? Inamaanisha watu wanakunywa dawa." Nami nikarudi kwenye kiti changu. Nyumbani nilikuwa namwona Mama Brayo amenenepa kidogo, ana nguvu, anabishana na wauza mitumba pale Soko la Toi kama zamani. Nilifurahi kimoyomoyo na sikuuliza, kwa sababu tulikubaliana nisiulize.

Akaanza kukohoa damu. Hospitali kubwa walimlaza, wakasema TB imekuwa sugu, zile dawa za kwanza haizisikii tena, na pafu moja limeharibika vibaya. Wakamuuliza kwa nini aliacha dawa katikati. Akajibu, "Nilikuwa nasikia mzima. Nikangoja mtu anikujie, hakuna mtu alikuja. Nikajua wameona nimepona." Muuguzi alimkaripia mbele ya watu wote wa wodi.

Nilikuwa kando ya kitanda chake, nikalisikia jibu lile. Kesho yake nikamtafuta kwenye kompyuta, nikamkuta huko chini na wengine kama yeye. Nilimwita daktari aone kwa macho yake. Sitasema hakufanya kitu. Fundi aliitwa, tarehe zikarekebishwa, wale wengine wakaanza kutafutwa. Lakini alifunga mlango akaniambia, "Madam, hii stori iishie hapa. Tukifungiwa, hawa wagonjwa wote wataenda wapi? Na ukumbuke mwenye alikuwa anabonyeza ni wewe."

Jumapili iliyopita, siri ikiwa imeshatoka huko hospitalini, familia ilikutana. Mume wake, Baba Brayo, alisema hawezi kukaa na mtu anayeleta ugonjwa kwa watoto kwa makusudi. "Dawa ni ya bure na bado ameshindwa kumeza! Arudi kwao." Kwao ni Magharibi, hospitali yenye dawa kali za TB sugu iko mbali, na anatakiwa kumeza kila siku akiangaliwa. Sote tulielewa maana ya safari hiyo. Nilitegemea mume wangu amtetee dada yake. Akasema tu, "Sister, umejiua mwenyewe." Mimi nilikuwa namimina chai. Nikaendelea kumimina.

Baadaye Mama Brayo alinifuata jikoni, amejishikilia ukutani, amekonda mpaka nguo zinamvuka. Akanishika mkono. "Mama Ken, nisamehe. Nimekuangusha kazini kwako. Watasema hata wifi yako alikushinda." Nikamwambia asijali. Ndiyo maneno niliyoyapata, asijali.

Wanamsafirisha Jumamosi. Nikisema ukweli kazi imekwisha, mume wangu atajua nani alikuwa amekaa mbele ya ile kompyuta, na pafu la dada yake halitarudi. Nikinyamaza, atazikwa kama mwanamke mzembe aliyetupa dawa, na watoto wake watakua wakijua hivyo. Nyinyi mnaosoma hapa, ingekuwa ni wifi yenu mngefanyaje? Niambieni kabla ya Jumamosi. Na tafadhali msiniambie niombe tu, nimeomba hadi nimechoka.