Mashine Nzito ya Mchafukoge

Walioniunguzia chumba ni watu wawili, na wote walikuwa wakinisalimia vizuri. Mmoja ni muuza duka wa Mchafukoge. Wa pili ni mwenye nyumba wetu. Majina yao siyaandiki, ila wakisomewa haya watajijua.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, upande wa Msimbazi, mimi na mama, chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Hawezi kukaa, hawezi kugeuka mpaka nimgeuze, na maneno yalikuwa yanatoka nusunusu. Hospitali walimkataza chumvi. Kitu pekee kilichopita kooni bila kumpalia ni mkate laini uliolowekwa kwenye chai, na mkate wa dukani una chumvi. Ikabidi nioke mwenyewe. Lakini mkono wangu wa kulia ulishawahi kuvunjika ukaunga vibaya. Unga haukandi.

Mashine ya kwanza ya mkate tulipewa. Mama alikuwa mpishi wa familia moja ya Kihindi pale mjini, na walipohama wakamwachia. Unatia unga, maji na hamira, unachomeka ukutani, yenyewe inakanda, inasubiri unga uumuke, inaoka. Siku ilipokufa, fundi aliifungua, akaikunakuna, akaifunga.

"Dada, hii imemaliza mwendo. Tafuta nyingine."

Ndiyo nikatoka kutafuta. Zilikuwa zile enzi za ruksa. Maduka ambayo jana tu yalikuwa na rafu tupu, sasa vitu vimemwagwa mpaka barazani, na hakuna aliyeuliza vimetoka wapi. Zamani tulilia kwamba hakuna. Sasa vipo, na wa kukwambia kipi kitakuumiza hayupo.

Yule muuza duka wa Mchafukoge alikuwa nazo mbili. Moja mpya, ndani ya boksi lake, inang'aa. Nyingine mtumba wa ng'ambo, imegeuka rangi kama jino la mvuta sigara, na maandishi ambayo hata waliosoma wasingeyajua. Nikafanya tunavyofanya sote Kariakoo. Pasi, redio, feni, hatununui kwa macho, tunainua. Kitu chepesi ni feki, kizito ndiyo chenyewe. Mama mwenyewe, alipokuwa mzima, hakununua hata birika bila kulipima mkononi.

Ile mpya ilikuwa nyepesi kama kopo. Ule mtumba ulinivuta bega.

"Umeona, eeh?" akasema muuza duka. "Dada una mkono wa kujua vitu. Hiyo mpya nawauzia wenye haraka."

"Ijaribu nione."

Akapitisha waya wake nyuma ya kitambaa kilichofunika meza mpaka chini. Taa ikawaka, kikandio kikaanza kuzunguka pole pole. Nikasikia kitu chini ya meza kinanguruma, taratibu.

"Na hicho kinachonguruma ni nini?"

"Stabilaiza ya duka tu hiyo, ya kutuliza umeme. Umeme wetu si unaujua?"

Kweli niliujua. Nikaibeba kichwani, nikakatisha Mnazi Mmoja, shingo inaniuma, na moyoni nafurahi kwamba inaniuma.

Sasa huyu mwenye nyumba. Kwetu fyuzi ilikuwa inakatika kila mara, maana wapangaji walikuwa wanaficha majiko ya koili vyumbani. Kila ikikatika, anagongewa mlango. Akachoka. Siku moja akapanda kwenye stuli, akatoa ule waya mwembamba wa fyuzi, akafunga waya mnene wa kopa, shaba tupu.

"Nimewafungia dume!" akasema akishuka. "Hata mkiunga treni, haikatiki!"

Uwanja mzima ukampigia makofi.

Chumba chetu kilikuwa na soketi moja, kichwani kwa kitanda cha mama. Nikaiweka mashine juu ya stuli, karibu naye, ili aione. Ilikuwa saa za alasiri. Nikatia unga bila chumvi, nikachomeka, nikabonyeza.

Kikandio kilizunguka kama feni. Unga ukawa unapiga kuta za chombo, stuli inatetemeka. Mama alikuwa ameikodolea macho.

"Inakimbia," akasema.

"Ndiyo nzima hiyo, mama. Ile ya zamani ilikuwa imezeeka."

"Inakimbia," akarudia, na mkono wake ule mzima ukashika ukingo wa kanga yangu. Nikautoa taratibu, nikaenda bombani kunawa unga.

Sikukaa. Nimepaka sabuni tu, jirani yangu wa chumba cha pili akapiga kelele, "Shoga, pazia lako!" Pazia la mlango lilikuwa linatoa moshi mweusi. Ndani sikuona kitu. Waya ulikuwa unawaka ukutani kama utambi, na fyuzi ya dume haikukatika kuuzima umeme. Tulimburuta mama na shuka lake, mimi na yule jirani, mpaka uwanjani. Hakuungua. Lakini moshi alikuwa ameshaumeza, na hakuwa na nguvu ya kuukohoa. Hakufika Idi, na ilikuwa imebaki wiki moja tu.

Mwenye nyumba aliwaambia watu mimi ndiye nilimtia hasara, akanifukuza. Ule waya wake mnene aliuchomoa kwenye fyuzi mbele yetu, akauweka mfukoni.

Fundi ndiye aliyenifumbua macho alipoona lile gofu la mashine. Kumbe ilikuwa ya nchi yenye umeme mdogo, nusu ya wetu. Na kile nilichosikia kinanguruma chini ya meza dukani kilikuwa transfoma, ya kuupunguza umeme wakati wa kujaribu.

Nilirudi Mchafukoge baada ya arobaini. Nilimkuta mama mmoja wa makamo amesimama mezani, kainua mashine nyingine ya mtumba kwa mikono miwili, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nzito hii," anasema.

Muuza duka aliponiona akawahi, "Dada, ile si nilikujaribia ukaona mwenyewe?"

Nilishika kile kitambaa cha meza, nikakivuta mpaka chini. Lile sanduku la transfoma likabaki wazi, linanguruma.

"Mama," nikamwambia yule mteja, "iweke chini. Muulize, na hili sanduku utaenda nalo nyumbani?"

Akamtazama muuza duka. Muuza duka akaanza kukikunja kitambaa chake.