Mti wa Bunduki ya Sigowet

Bunduki ile ilitufikia ndani ya gunia la mbolea. Mlikuwa na mtutu, kifyatulio, skrubu zilizofungwa kwa kitambaa, na bamba la shaba la kufunika kitako. Mti wake, ule wa kushikia na kuegemeza begani, haukuwapo, mchwa walikuwa wameumaliza. Ilikuwa masalio ya jeshi, na mzee mmoja wa Sigowet aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akiuza vitu vyake ili ahame, miaka michache baada ya Uhuru.

Bolti, kile chuma kinachofunga risasi mahali pake, haikuwamo guniani. Ilibaki kituo cha polisi. Afande mkuu alimpa mzee barua ya ruhusa na kumwambia waziwazi kwamba bunduki itiwe mti, kisha iletwe ikaguliwe siku aliyoitaja. Ikifaa, mzee angepewa cheti cha kuimiliki. Isipofaa, ingebaki kituoni na kuharibiwa.

Mzee aliihitaji kweli. Shamba lake la chini lilipakana na msitu, na nguruwe mwitu walikuwa wamelivuna kabla yake misimu miwili mfululizo. Hata mbwa wake mkali alipasuliwa tumbo na nguruwe hao. Mkewe alikuwa amesema hatapoteza mbegu huko tena mpaka cheti kipatikane.

Basi mzee akamletea gunia rafiki yangu, seremala mwenzangu katika karakana ya kiwanda cha chai karibu na Kapsoit. Yeye alitoka upande wa ziwa, mimi milima ya Kisii, na tulikaa nyumba za jirani. Sijapata kuona mikono kama ile tena.

Watu wengi hudhani bunduki ni chuma tu. Lakini chuma kinakaa ndani ya mti kama jino ndani ya ufizi. Mti ukiwa mbichi utajipinda ukikauka, usukume mtutu upande, na mtu alenge nguruwe apige jiwe. Kwa hiyo kazi ilianza kwa kutafuta mbao kavu, na hilo Kericho si jambo dogo. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri. Mbao tulizopanga uani ziliota ukungu kabla ya kukauka.

"Iko moja kavu," mzee akasema. "Lakini iko kwa jiko ya mama."

Nyumba ya Wakipsigis, watu wa mzee, ina dari juu ya moto, wanaita *tabut*. Kinachowekwa huko hukaushwa na moshi polepole, mwaka baada ya mwaka. Na dari hiyo ni ya mama wa nyumba. Mume hapandi kuchukua kitu bila kuomba. Tulikwenda Sigowet Jumapili, tukaketi, tukanywa maziwa ya kibuyu, ndipo rafiki yangu fundi akaomba ile mbao.

"Hiyo *emitiot* iko hapo tangu nizae mtoto wa kwanza," mama akasema. Ni mzaituni wa mwituni, mti mgumu na mzito. "Nimeiweka ya mlango."

"Mlango nitakutengenezea wa podo, mama. Podo itafaa mlango, lakini haiwezi kushika bunduki."

"Kwani nguruwe atabisha hodi kwa mlango?" mzee akadakia.

"Nyamaza wewe, naongea na fundi. Na ukiiharibu?"

"Nikiiharibu, nitakuja kulala shambani nilinde mahindi mimi mwenyewe."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Mtu wa ziwa alinde mahindi! Utakuwa unaniuliza samaki iko wapi." Akapanda, akaiteremsha mbao mwenyewe.

Aliongeza na zawadi ambayo hakuijua thamani yake, unga wa makaa ya mti wa *senetwet*, yale wanayosugulia vibuyu vya maziwa. Fundi aliuchanganya na mafuta kidogo, akapaka chumani, akakilaza chuma ndani ya mti na kukiinua. Mahali palipogusa palibaki doa jeusi. Hapo tu ndipo alipokwangua, unene wa karatasi, kisha akapaka tena. Nilimwuliza kwa nini asitoboe shimo kubwa amalize.

"Shimo kubwa ni rahisi," akanijibu. "Lakini chuma kitacheza. Ngoja doa likuambie."

Jumamosi baada ya Jumamosi alilisikiliza doa. Chuma kikakaa ndani ya mti hata ukucha haukupita kati ya viwili hivyo.

Zikabaki siku chache kabla ya ukaguzi. Mzee alikuja Kapsoit mchana wa jua kupimwa urefu wa kitako. Kwa heshima, kama anayepimwa suti, alivua kabuti lake la jeshi akalitundika kwenye msumari. Fundi akapima kuanzia bega hadi kidole, akakata, akafunga bamba la shaba. Tulipeana mikono.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na ukungu na baridi yetu ile ya kuuma masikio. Mzee alifika na kabuti mwilini, akainua bunduki, na kitako kikanasa kwapani. Akajaribu tena, kikanasa tena.

"Imekuwa refu usiku?" akauliza.

Fundi aliligusa begani lile kabuti, nene kama godoro, akatikisa kichwa. "Nimekosea mimi, mzee. Nimempima mtu wa saa saba, na nguruwe huja alfajiri."

Hakuulaumu msumari wala mzee aliyevua. Akaondoa bamba, akampima upya na kabuti lake, akakata kipande chembamba. Lakini kitako huwa kinapungua unene kuelekea mbele, kwa hiyo bamba sasa lilizidi mti pande zote. Alilipiga tupa siku mbili, kila jioni baada ya kazi, huku akipiga mluzi. Nilimtazama nikafikiri kwamba mtu anayejua kusema "nimekosea" mapema hubakiwa na muda wa kurekebisha.

Siku ya ukaguzi tulikwenda sote watatu. Afande aliingiza bolti, ikateleza mahali pake na kishikio chake kikalala ndani ya mti bila kukwaruza. Akatikisa, akasikiliza, hakusikia kitu. Nyuma ya kituo mzee alipewa nafasi ya kulenga debe kuukuu. Aliinua bunduki mara moja, kabuti na yote, na debe likaruka.

"Hii ilitoka kiwanda gani?" afande akauliza.

"Kiwanda cha jiko," mzee akajibu, na afande akacheka huku akigonga muhuri.

Tulifika Sigowet adhuhuri, mzee akiwa tayari kumtangazia mkewe kwamba sasa anaweza kupanda. Jikoni hapakuwa na mtu. Tulimkuta shamba la chini na wanawake wa jirani, nusu ya ardhi imeshalimwa na mbegu zimo mashimoni tangu asubuhi, bila kungoja cheti.

"Wamekataa?" akauliza bila kuinua mgongo.

"Wamekubali."

"Basi shika jembe," akamwambia mumewe. "Fundi, wewe kaa kivulini."