Mwenye Suti Kwenye Mianzi ya Nyololo

Sina sababu ya kukudanganya. Mimi si mtu wa maneno mengi, shule yangu iliishia darasa la saba, na kusimulia jambo hili hakujaniletea faida yoyote. Nililisema kanisani mara moja, watu wakakohoa. Lakini lilinitokea, tena mchana, nikiwa sina homa wala sijaonja pombe, kwenye njia inayotoka barabara kuu ya Nyololo kwenda kwetu. Wewe lichukue unavyotaka.

Mume wangu nilikuwa namwita Baba Upendo, kwa jina la binti yetu. Alikuwa mgema wa ulanzi. Kama huujui, ulanzi ni pombe ya mianzi: wakati wa mvua unakata ncha ya mwanzi mchanga asubuhi na jioni, na maji yake yanadondokea kwenye chombo ulichokifunga hapo. Homa ya mapafu ilimchukua haraka. Tulimzika, matanga yakaanuliwa, na nguo zake ukoo ukagawana kama ilivyo desturi. Sikubaki hata na shati moja.

Picha yake ilikuwa moja tu, ile ndogo ya paspoti. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliipeleka studio Iringa mjini ikakuzwe kwa ajili ya msiba. Vijana wa studio walifanya kazi kwa moyo. Walimvika suti nyeusi na tai nyekundu, vitu ambavyo hakuwahi kuvaa maishani. Wakamng'arisha uso. Makovu wakayafuta, pua wakainyoosha, nyuma yake wakaweka mbingu ya buluu. Kila mtu msibani alisema amependeza, na kweli alipendeza. Tukaitundika sebuleni.

Sasa sikia shida iliyonipata. Miezi ilivyokwenda, kila nikifumba macho nimwone mume wangu, anakuja yule wa suti. Nikiikumbuka siku ya harusi yetu, yule wa suti. Nikimkumbuka shambani kwenye viazi, mikono yake naiona, matope nayaona, lakini juu ya mabega kuna ule uso laini wa studio. Unajua inavyouma kumlilia mtu usiyemwona?

Na Upendo, ambaye baba yake alifariki yeye bado hajaanza shule, akawa ananiuliza, "Mama, baba alikuwaje?" Namwonyesha picha. Siku moja nikamsikia anamwambia mwenzake, "Baba yangu alikuwa bosi, alikuwa anavaa tai." Niliingia jikoni nikakaa chini. Mtoto alikuwa anakua na baba ambaye hakuwahi kuwepo, na mimi niliyeishi naye sikuwa na mwingine wa kumpa.

Nikamwacha Upendo kwa dada wa marehemu, nikaenda Mbeya, Ilomba, kwa kaka yangu, nipumzike kidogo. Binti yake, Tumaini, anasomea ualimu, na huko wanafundishwa saikolojia. Nikamweleza tukiwa tunachambua mchele.

"Shangazi, kichwa si simu," akasema. "Hakitunzi picha ukaifungua ikaja ileile. Kila ukimkumbuka mtu, kichwa kinamchora upya, na kinatumia kilicho karibu. Wewe kila asubuhi unaiangalia ile picha. Kitachora nini?"

"Kwa hiyo wa kwangu amefutika?"

"Sidhani. Ila usiutafute uso. Anza na vya pembeni: harufu, baridi, mikono yako ilikuwa inafanya nini."

"Mikono yangu? Ilikuwa inafua soksi zake."

"Basi anza na soksi, shangazi!"

Tulicheka mpaka wifi akaja kuuliza kuna nini.

Sikumwelewa yote. Kesho yake nikapanda basi kurudi. Njiani, pale Chimala, jua lilikuwa linachoma, wauza mchele wamejifunika kanga vichwani. Niliposhuka Nyololo, alasiri, ukungu ulikuwa umelala chini mpaka magari yamewasha taa. Unaujua ukungu wa kwetu? Mkono wako mwenyewe unaweza kukupotea. Nikajitwisha kifurushi changu nikaanza kutembea.

Nilipofika kwenye mianzi yetu, alikuwa amesimama pale.

Suti nyeusi. Tai nyekundu. Majani yote yalikuwa yanachuruzika maji, lakini yeye alikuwa mkavu. Alikuwa anatabasamu lile tabasamu la ukutani. Na niamini, chini ya kifua, pale picha inapoishia, hapakuwa na kitu. Ukungu tu.

Nikamsalimu kwa Kihehe, kwa sababu ulimi ndio ulivyozoea: "Kamwene." Hakuitikia. Mume wangu hata akiwa amenuna alikuwa anaitikia salamu. Yule akaniuliza, kwa sauti isiyo ya mtu yeyote ninayemjua, "Mimi ndiye?"

Ungejibu nini wewe? Nilikuwa nimemtamani kiasi kwamba neno la "ndiyo" lilishafika mdomoni. Naamini ningelitoa, ningeenda naye nyumbani na kubaki naye maisha yangu yote, yeye peke yake. Nikamfikiria mtoto.

"Siye," nikasema.

"Nina kasoro gani?"

"Huna hata moja. Mume wangu pua yake ilipinda. Mwanzi ulichomoka ukamchapa."

Pua ikapinda. Mbele ya macho yangu, taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini.

Sijawahi kuogopa vile. Lakini nikaendelea, maana sasa nilikuwa na njaa ya kuendelea. Nikamwambia mume wangu alikuwa mweusi zaidi, weusi ukamkolea. Nikamwambia kidevuni alikuwa na kovu la panga, likachora mstari wake. Nikamwambia jicho moja lilikuwa linafumba akicheka, kwa sababu ya moshi wa miaka mingi, likalegea. Nikafika masikioni, nikakwama. Nilijua kuna kitu pale, lakini hakikuja. Yeye akawa ananingoja tu, maji yanadondoka kwenye mianzi.

Ndipo nikakumbuka maneno ya Tumaini. Mikono. Kila Jumamosi nilikuwa namnyoa kwa wembe, amekaa kwenye kigoda na povu la sabuni ya kipande kichwani, nami nalikunja sikio lake kwa kidole gumba nipate kunyoa nyuma yake. Kidole kikajikunja chenyewe.

"Nyuma ya sikio la kushoto kuna kinundu," nikasema. "Kila nikikigusa ulikuwa unapiga kelele, 'Mama Upendo, hapo ndipo akili yangu ilipo, utaimwaga!'"

Akacheka. Ni yeye aliyecheka, jicho moja limefumba. Uso wote ulikuja mara moja, ule wa kwangu, na mkono wake ukatoka kwenye ukungu ukaanza kuilegeza tai.

"Mama Upendo, nani kanivika hii? Inanikaba."

"Mdogo wako."

"Loo! Nikiwa hai hata koti la mvua alikataa kuniazima."

Nilicheka huku nalia. Nikasema, "Asante." Nilikuwa namshukuru nani, sijui mpaka leo. Akaniitikia salamu yangu: "Kamwene." Ukungu ukapita kati yetu. Ulipotawanyika, hapakuwa na mtu.

Sitakuficha lolote. Kijana wa bodaboda alinikuta pale, na anasema alinikuta peke yangu, nimeshika mwanzi, kidole gumba nakisugua kwenye pingili. Huenda ni hivyo. Mimi nasema nilichokiona.

Lakini nilipofika nyumbani, Upendo alikuja kunipokea, akashika mkono wangu akaunusa. "Mama," akasema, "unanukia baba."

Nikaunusa mwenyewe. Sabuni ya kipande. Nami sikuwa nimeigusa kule Ilomba.

Jioni ile mtoto alianza kusema. Aliniambia baba alikuwa anambeba mabegani mwake na kumwacha apige ngoma kwenye kichwa kilichotoka kunyolewa. Jambo hilo mimi sikulijua. Alikuwa nalo muda wote, na sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa namwonyesha ukuta tu.

Tangu siku hiyo nikifumba macho namwona. Si kila siku sawasawa. Mimi nakumbuka pengo lake la meno lilikuwa juu, dada yake anasema lilikuwa chini, na kila akija tunabishana mpaka chai inapoa. Huenda nakosea mimi. Sijali. Namshukuru Mungu, namshukuru Tumaini, na hata shemeji namshukuru, maana alitoa fedha yake kumheshimu kaka yake. Picha bado ipo sebuleni.

Wewe unayenisikiliza, nakuonya. Ukikutana kwenye ukungu na marehemu wako, amependeza kuliko alivyokuwa, usimkimbie, na usimkubali haraka. Mwambie alikuwaje, hata yale ambayo watu hawasemi msibani. Na kama wa kwako yuko hai, mtazame leo anapokula, mtazame mpaka aone haya akuulize unatazama nini.