Mume Wangu na Mapigo Yake

Mume wangu ni kinyozi, na kama humjui basi hujawahi kunyoa mtaani kwetu. Watu wanamwita Mkasi, kwa sababu mashine za umeme anazo lakini hamalizi kichwa bila kukipitia na mkasi, hata mteja akiwa na haraka. Ana mkono mwepesi. Wazee hulala kitini mwake midomo wazi, na watoto wanaopiga kelele kwa vinyozi wengine kwake hutulia, wanamsikiliza. Maana anaongea. Mama yangu alipomwona mara ya kwanza aliniambia nimepata redio isiyohitaji betri. Sikukasirika. Nilikulia katika nyumba ya watu wanaokula kimyakimya, na kimya kilikuwa kimenifika shingoni.

Mimi napiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni. Kutwa nasimama kwenye mvuke, narudi na miguu imevimba. Miaka yetu yote jioni ilikuwa hivi: najitupa kwenye kochi, yeye anakaa pembeni, anauchukua mkono wangu na kunipa habari za vichwa vyote alivyonyoa. Nani anaoza binti, nani kafukuzwa kazi na anajifanya yuko likizo. Nusu ya hizo habari alizitia chumvi, na nusu nyingine alizitunga. Nikianza kusinzia anautikisa mkono. "Mama Pacha, hujasikia mwisho wake." Hao pacha wetu, wasichana, wameshakua na wanafanya kazi mji mwingine. Tulibaki wawili, na sikuwahi kuona kama nyumba imepungua.

Mwaka jana dereva mmoja wa lori, akiwa kitini ananyolewa, alimsimulia jinsi kaka yake alivyoanguka akinawa uso asubuhi, akakata roho hata taulo hajaishika. Mume wangu aliileta hiyo hadithi nyumbani kama zilivyokuja nyingine, ila hii haikumtoka. Baada ya siku chache, akimnyoa mwalimu mkuu wa shule ya hapa mtaani, moyo wake uliruka. Ndivyo alivyosema: uliruka, ukasimama kidogo, ukarudi kwa kishindo, kifua kikabana. Akaweka mashine chini, akafunga saluni, akaenda hospitali. Mwalimu mkuu alirudi kwa wanafunzi wake na nusu kichwa.

Walimpima moyo kwa nyaya, wakampiga picha ya kifua, wakamtoa damu. Daktari, dada mpole wa umri wa binti zetu, akasema, "Baba, moyo wako ni mzima." Siku ile alirudi akiongea njia nzima. Furaha ile ilidumu mwezi.

Moyo ukaruka tena. Tukaenda hospitali kubwa zaidi, akavalishwa kimashine cha kupimia mapigo, cha kulala nacho na kunyoa nacho. Majibu yakaja safi, na furaha ikadumu wiki. Mara ya tatu majibu yalikuwa safi vilevile, ila furaha haikufika hata getini. Alisimama pale mlinzi anapokaa, akaniuliza, "Je, kama wakati wananipima ulikuwa umetulia tu, unawapiga chenga?"

Nisije nikamsingizia. Kwa hili mume wangu hakuwa mwongo wala mtu wa kudeka. Ile mashine yenyewe ilionyesha moyo unaruka mara mojamoja, na daktari akatueleza kwamba hata moyo wa mtu mzima wa afya hufanya hivyo. "Unachokisikia kipo, baba," alisema. "Lakini kila ukikitafuta, hofu inakikuza. Punguza kukitafuta." Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi hodari. Tulipokuwa tunashuka ngazi, alikuwa ameshashika kifundo cha mkono wake wa kushoto, kidole gumba kimekandamiza mshipa.

Huo ndio ukawa mkao wake. Mezani, kochini, kitandani, mkono wa kulia umeushika wa kushoto. Mkono uliokuwa ukinishika mimi sasa ulikuwa unashikana na mwenzake. Ukimwongelesha anainua kidole usubiri, kwanza amalize kuhesabu. Ukimaliza kusubiri, umeshasahau ulichotaka kusema.

Kazini nako hakukuwa salama. Alianza kuwauliza wateja. Wewe kifua hakikubani? Ukilala ubavu wa kushoto huusikii moyo? Mtu anaingia kupunguza ndevu, anatoka na magonjwa matatu. Wakambadilisha jina, Mkasi akawa Daktari, na wengine wakahamia kwa kinyozi wa kona ya pili, ambaye hajui kunyoa lakini angalau hajui na dalili. Kisha akaacha kuuliza, akanyamaza kabisa. Kinyozi aliyenyamaza hakuna anayejua amfanyeje. Wateja walikaa kitini wakiangalia dari.

Nilijaribu ninavyojua. Nilimtania, nikamwambia amepimwa mpaka mashine zinamkimbia. Nilimnunia. Nilimpikia. Mdogo wangu aliponikuta nimeshika tama akanisuta, akasema nishukuru, wenzangu waume zao wanashinda baa, wangu kila siku yuko nyumbani. Nikamwambia heri angekuwa baa, ningejua pa kumfuata. Sikuwa natia chumvi. Nilikuwa naona wivu, na sikuwa na hata mwanamke wa kumtukana. Nilikuwa namwonea wivu mshipa.

Basi Jumapili moja mchana nilitoka kazini, nikajitupa kwenye kochi. Aliniangalia kwa muda. Halafu akanyoosha mkono, akaushika wangu. Niliogopa hata kupumua asije akauachia. Masikio yaliniwaka moto kama msichana, nikafumba macho, nikajisemea, amerudi.

"Mama Pacha," akasema, "moyo wako unakimbia."

"Unakimbia kwa sababu umenishika."

Hakucheka. Nilipofumbua macho nikaona amekunja uso, kidole gumba kimenikandamiza hapa kwenye kifundo, midomo inahesabu. Alivaa shati ndani nje, akanisimamisha, akanipeleka zahanati iliyo nyuma ya soko. Njia nzima alinishika kiwiko. Aliniuliza kama naona kizunguzungu. Aliniambia tusikimbie, tupite upande wenye kivuli. Nami sikuwa naumwa popote, na bado nilitembea taratibu kuliko ilivyohitajika. Siku nyingi zilikuwa zimepita tangu mtu yeyote aniulize ninajisikiaje.

Zahanatini hakukuwa na foleni. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akanipima presha, akanipima mapigo, akavua miwani.

"Mama yuko salama. Mapigo yake yametulia kabisa."

"Hayajatulia," mume wangu akasema. "Nimeyapima mwenyewe, yanakwenda mbio."

"Umepimaje? Hebu nionyeshe."

Akaushika mkono wangu kama alivyozoea kuushika wake. Muuguzi akainama, akakiangalia kile kidole gumba, akatabasamu bila dharau.

"Baba, gumba lina mshipa wake. Ulikuwa unasikiliza moyo wako mwenyewe, si wake." Akalitoa gumba, akachukua vidole viwili vya mume wangu, cha shahada na cha kati, na kuvilaza taratibu panapostahili. "Haya. Nyamaza, umsikilize mwenzako."

Akanisikiliza. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa kimeinama, nikaziona mvi za utosini ambazo hakuna wa kumnyoa vizuri kwa sababu mnyoaji ni yeye. Ghafla akashtuka.

"Umeruka."

"Inatokea," muuguzi akasema. "Wangu huruka nikipanda ngazi. Nimezeeka nao."

Mume wangu akanigeukia. "Mama Pacha, unaruka na hujawahi kuniambia?"

"Sijui, baba. Sijawahi kuusikiliza."

Muuguzi alimwambia kuna mshauri anayekuja pale kila Alhamisi, na kwamba watu wenye hofu ya namna yake ni wengi kuliko anavyodhani, na wanasaidika. Mume wangu akasema atakuja. Tukatoka nje, miguu yangu ikaanza kunikumbusha mashuka, tukakaa kwenye benchi la ukutani. Wachuuzi walikuwa wanapita na mikokoteni mitupu. Na mimi kwa pembe ya jicho nikauona mkono wake wa kulia unaanza safari, polepole, kwenda kwa mwenzake.

Hapo nikasema. Sikupanga. Mwaka mzima nilisema mengine yote isipokuwa hilo.

"Nimekukumbuka."

Mkono ukasimama. "Lakini nipo hapa, Mama Pacha. Kila siku nipo."

"Hupo. Aliyepo ni mtu anayepima. Yule aliyekuwa ananitikisa nisisinzie, yule mwenye habari za watu na chumvi yake, sijamwona tangu mwaka jana. Nakaa naye nyumba moja na simwoni. Namtaka yule. Sijali moyo wake uruke mara ngapi."

Nilijua atajitetea. Atanieleza tena kifua kinavyobana, atanitajia yule kaka wa dereva na taulo lake. Nilijiandaa kusikia yote. Yeye akatazama barabara tu, na alipoongea sauti ilikuwa chini, ikabidi nimsogelee.

"Hata mimi namkumbuka," akasema. "Kila asubuhi nikifungua saluni namtafuta. Nakaa mbele ya kile kioo, najaribu kuongea kama yeye, nashindwa. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeona kwamba hayupo."

Nikalia. Naye akalia, mikono yake yote miwili imefunika uso. Watu waliokuwa wakipita walipunguza sauti na kutupa pole, maana walidhani tumetoka kupewa majibu mabaya.