Kadi za Alhamisi

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya afya ya akili hapa Babati, Matroni alinikabidhi meza, kiti na rundo la kadi. "Usiwaulize wana wazimu gani," alisema. "Waulize wanalalaje, wanakulaje, na nani huwatembelea." Nilifanya hivyo miaka mingi, nikasifiwa, na sifa nilizipenda mno.

Halafu akaletwa Paulina, muuguzi aliyetoka chuoni juzi tu. Huyo hakukaa mezani. Alibeba ungo wa maharage hadi kwenye benchi la barazani, akawa anachambua pamoja na mgonjwa, macho yao yote kwenye ungo. Watu wazima walimweleza huzuni za ndoa, watoto wakamweleza ndoto mbaya. Wivu ulinikaba. Wagonjwa wangu mwenyewe waliniamkia, "Shikamoo Mama Eliya," huku macho yakimtafuta yeye.

Ndipo Mama Neema wa Bagara akamleta binti yake wa miaka saba, aliyeacha kuongea tangu baba yake azikwe. Niliapa kwamba atakayemfungua kinywa ni mimi. Kila Alhamisi Paulina alikwenda Maisaka kwa huduma ya mkoba, yaani kuwafuata wagonjwa majumbani. Basi kwenye kadi ya Neema, penye tarehe ya kurudi, nikaandika Alhamisi. Na iliyofuata tena Alhamisi. Miezi minne mtoto alikaa kimya mbele ya meza yangu, akizidi kukonda, nami nikiandika "anaendelea vizuri".

Alhamisi moja mvua ilizuia safari ya Maisaka. Neema aliuona ungo, akaketi. Kabla maharage hayajaisha nilimsikia akisema, "Baba alikuwa anapenda haya ya njano." Mama yake alilia. Mimi pia nililia, ila kwa hasira, na naona aibu kulisema.

Matroni alipekua kadi. "Mama Eliya, mbona huyu siku zote Alhamisi?"

"Ndiyo nafasi iliyokuwepo," nikajibu.

Sasa nimestaafu, na usingizi umenikimbia. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki kama mgonjwa. Paulina ndiye Matroni siku hizi, na wivu ulinichoma tena nilipoona benchi limejaa. Aliniamkia, akaniwekea ungo magotini. Tulichambua mpaka nikaweza kumwambia habari za zile Alhamisi.

Alitoa kijiwe, akakitupa. "Mtoto yule aliteseka, mama."

"Najua."

Akachukua kadi mpya, akaniuliza nirudi siku gani.

"Siku utakayokuwepo wewe," nikasema.